Vitabu Vitatu kwa Kadi Moja

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa meza moja na mama yake Chiriku.

Meza yenyewe ni ya watoto, inanifika magotini, na viti vyake unakalia nusu tu, nusu nyingine unaiombea. Tulikuwa kwenye chumba cha watoto pale maktaba, mimi upande huu, yeye upande ule, na Chiriku katikati akizungumza na kila mtu pamoja na makabati.

Niandike mambo yalivyo, maana nisipoyaandika nitayasimulia saluni, na kesho mtaa mzima utakuwa nayo. Mimi ni msusi. Mwaka jana niliolewa na mwoka mikate, mwanamume mpole anayenukia hamira hata siku ya mapumziko, ambaye alikuwa ameachana na mkewe wa kwanza zamani. Chiriku ni binti yao. Ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na jina hilo la utani kalipata kwa haki: anaamka akiongea na analala katikati ya sentensi. Wiki moja anakaa kwetu, wiki inayofuata anakaa kwa mama yake, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi.

Sasa mwalimu wake ametuita. "Kuongea anaongea kwa niaba ya darasa zima," alisema. "Kusoma bado. Muhula ukiisha hajui kusoma, itabidi arudie darasa." Akashauri tumsomee nyumbani kila siku na tumpeleke maktaba. Maktaba inatoa kadi moja kwa kila mtoto, na kadi moja ni vitabu vitatu kwa wiki. Haijali mtoto ana nyumba ngapi. Baba Chiriku, Jumamosi asubuhi ndipo anaporudi kutoka kwenye tanuri na kuzimika kama taa, kwa hiyo aliyekwenda ni mimi.

Mimi mtu humsoma kichwani kwanza. Mama Chiriku alikuwa amezibana nywele nyuma kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda. Nikajiambia, huyu hana mzaha.

Alikuwa amekwisha kuchagua viwili: kimoja cha silabi, ba be bi bo bu mpaka mwisho, na kingine chenye maandishi yaliyojaa ukurasani kama sisimizi kwenye sukari. Mimi nilikuwa nimeshika kimoja cha mbuzi aliyetaka kuvaa viatu. Kila ukurasa una picha kubwa na mstari mmoja wa maneno.

"Hicho kina maneno mangapi?" akaniuliza.

"Machache."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Chiriku akakichukua mkononi mwangu, akamwona mbuzi mwenye kiatu kichwani, akacheka mpaka mkutubi akatutazama. Tukaazima vyote vitatu. Mama yake akanikabidhi mwavuli, kadi na mtoto, kwa mpangilio huo, akaenda zamu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemsomea Chiriku kitabu cha mbuzi. Yeye kakaa mwisho mmoja wa kochi, mimi mwisho mwingine, kitabu katikati kama mpaka wa shamba. Haniiti chochote. Si anti, si mama, si jina. Akitaka maji anasema, "Kuna maji?" kama anayeuliza hewa. Lakini mbuzi alipovaa viatu vinne akashindwa kujikuna, alisogea kidogo aone vizuri.

Kile cha silabi tumekifungua. Tumekifunga.

Jumatano, 6 Machi

Mbuzi. Mara tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Mbuzi. Baba Chiriku naye kamtaja akiwa usingizini.

Jumamosi, 9 Machi

Chiriku amegoma kurudisha kitabu. Kakikumbatia mbele ya meza ya mkutubi, na foleni nyuma yetu inakua, na kila mtu kaloa.

"Wiki nzima kitabu kimoja," mama yake akasema. "Tumekuja kuazima au kufuga?"

Nikacheka. Hakuwa amekusudia kuchekesha, lakini niliuona mdomo wake ukipinda upande mmoja kabla hajaurudisha.

Mkutubi ni msichana mwembamba mwenye mwanya, mkali sana kwa habari ya mikono michafu. Akatwambia kitabu kinaweza kuazimwa tena, hakuna aliyekiomba. Basi tukaafikiana hapo hapo: kila wiki Mama Chiriku atachagua kimoja, mimi kimoja, Chiriku kimoja. Mama yake akachukua cha majina ya vitu vya nyumbani, maneno yamepangwa safu safu kama askari. Mimi nikachukua cha kofia iliyopeperushwa na upepo ikawa inabisha hodi nyumba kwa nyumba. Chiriku akachukua mbuzi wake, akaondoka na mama yake bila kugeuka.

Nyumba imekuwa kimya mpaka nimesikia saa ya ukutani, ambayo sikujua kuwa ina sauti.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja wachache, maneno mengi.

"Mke mwenzio hajambo?" kaniuliza mama muuza vitambaa, kichwa kiko mapajani kwangu.

"Si mke mwenzangu. Ni mama wa mtoto."

"Tofauti yake?"

"Mke mwenza mnagombania mume. Sisi tunagombania kitabu cha mbuzi."

Wakacheka wote. Kisha akasema, bila ubaya, "Nawe unajihangaisha. Mtoto mwenyewe si wako." Nikavuta msuko zaidi kuliko nilivyokusudia, akasema aah, nikamwomba radhi.

Jumamosi, 16 Machi

Chiriku karudi kwetu, mbuzi na kofia tumeviazima tena. Mama yake alionekana amechoka, zile nywele zimelegea pembeni. Anasema silabi amemwandikia kwenye daftari, wamezimaliza mpaka ng'a ng'e ng'i, kwa machozi. Hakusema machozi ya nani.

Alhamisi, 21 Machi

Leo Chiriku amesoma.

Jioni, nikiwa nachambua maharage, alichukua kitabu cha mbuzi mwenyewe, akakaa karibu nami, si mwisho wa kochi, karibu kabisa, goti lake juu ya goti langu. Akaweka kidole chini ya maneno akasoma ukurasa wa kwanza. Akafunua. Akasoma wa pili. Akasoma mpaka mbuzi alipovitupa viatu vyote mtoni, bila kukosea hata mahali pamoja. Nikaacha kuchambua maharage nisimtishe. Akachukua cha kofia. Akasoma na hicho.

Nilimwamsha baba yake. Alikuja amefumba jicho moja, akasikiliza kofia nzima amekaa sakafuni, na ilipofika nyumba ya mwisho yale macho yakawa yamefumbuka yote mawili na yamejaa maji. Kesho atampikia mkate wenye umbo la mbuzi, amesema.

Nimewaza juu ya Mama Chiriku na askari wake waliojipanga safu safu. Nimewaza kwa furaha, siwezi kukataa.

Ijumaa, 22 Machi

Mkate ulitoka na umbo la mbwa. Umeliwa hivyo hivyo.

Jumamosi, 23 Machi

Nilifika maktaba na furaha yangu... hapana, niandike kwa utaratibu, maana hasira inanivuta.

Tulifika, Chiriku na mimi, na mama yake akaja akikung'uta mwavuli. Sikungoja hata akae. "Dada," nikamwambia, "mtoto anasoma." Nilijitahidi sauti isiwe na majivuno. Sikufaulu.

Akamtazama mwanawe. Uso wake wote ulifunguka, nami kwa mara ya kwanza nikaona Chiriku kampata wapi uso ule. Akakaa kwenye kiti kidogo. "Nisomee, mwanangu."

Chiriku akasoma mbuzi, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kidole kinatembea. Mama yake akasikiliza kwa makini. Kwenye ukurasa wa nne aliweka kiganja juu ya picha akaifunika yote, ukabaki mstari wa maneno tu. Kisha akarudisha kurasa mbili nyuma kwa haraka, kiganja bado kimefunika.

"Na hapa?"

Chiriku akasoma mstari wa ukurasa wa nne. Haukuwa ule.

"Na neno hili peke yake?"

Chiriku akaangalia neno. Neno lilikuwa "mbuzi". Limeandikwa kwenye jalada, limeandikwa kila ukurasa. Akanitazama mimi, kisha mama yake, kisha dirisha. Mtoto ambaye hajawahi kukosa la kusema akakosa la kusema.

Alikuwa amekishika chote kichwani. Hata mahali ninapovuta pumzi nikisoma alipashika.

Mama Chiriku hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Umemfundisha kukariri," akaniambia. "Muhula umefika nusu." Akachagua vitabu vyote vitatu mwenyewe. Chiriku akaondoka ameinamisha kichwa, na mbuzi akabaki mezani.

Jumapili, 24 Machi

Baba Chiriku ananiambia nisijilaumu. Nimemwambia sijilaumu, nina hasira. Akauliza hasira na nani. Nikaenda kufua, na huku mvua inanyesha.

Jumanne, 26 Machi

Bati la saluni linavuja juu ya kiti cha pili. Nimeweka ndoo. Wateja wanakwepa ndoo wanakaa cha kwanza.

Jumatano, 27 Machi

Leo tumempoteza Chiriku, na tumempata. Nianze na hilo la kumpata ili niweze kuandika mengine.

Ilikuwa wiki ya mama yake. Alasiri nilikuwa namsuka mama muuza vitambaa, nusu ya kichwa tayari, nusu bado, simu ikalia.

"Chiriku hajambo? Ameshakula?" Ilikuwa sauti ya Mama Chiriku, na nyuma yake watoto wachanga wanalia.

"Si yuko kwako?"

Akasema asubuhi aliniandikia ujumbe kwamba wodi imejaa, hatoki mpaka jioni, nimchukue mtoto shule. Nikatazama simu. Hakuna ujumbe. Mtandao ulikuwa umekufa na mvua tangu asubuhi, na ndiyo kwanza ulikuwa unafufuka. Shule ilikuwa imefungwa zamani.

Sikumbuki kuvaa viatu. Nakumbuka mama muuza vitambaa akinifuata na mwavuli, upande mmoja kasukwa, upande mwingine nywele zimesimama kama kichaka, akisema, "Twende, nywele zitangoja." Na mimi niliyemvutia msuko wiki mbili zilizopita.

Lango la shule limefungwa. Mlinzi anasema watoto wote wametoka, yule mwenye maneno mengi alimwona akitoka na watoto wa jirani, kwa hiyo hakushtuka. Kwa jirani: hayupo, waliachana naye kona. Mtaro wa barabarani ulikuwa umejaa maji ya kahawia yanayokimbia, na mimi sikutaka kuutazama na nikautazama njia nzima. Baba Chiriku, niliyemwamsha kwa simu, alikwenda upande wa sokoni. Mama Chiriku alifika na sare ya kazi, kandambili za wodini miguuni, nywele zimefumuka zote na kulowa. Tulipoonana kwenye kona ile nilidhani atanirukia. Alinishika mkono tu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na aliuacha hapo hapo.

Simu yake ikalia. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya maktaba. Mkutubi akasema, kwa ile sauti yake ya kukagua kucha, "Mtoto wenu yuko huku. Anawasimulia wenzake. Nimemkausha, ila sauti siwezi kumpunguza."

Tulimkuta kwenye kiti kidogo, taulo shingoni.

"Kwa nini umekuja huku?" mama yake akamuuliza. Alikuwa amepiga magoti sakafuni.

Chiriku alitueleza kama watu wazito wa kuelewa. "Sikujua leo ni kwa Mama au kwa Baba. Nikaja huku. Huku ndiko mnakokuja wote."

Mama Chiriku akakaa kwenye kiti kidogo, akafunika uso, akalia bila sauti. Mimi nikakaa kingine. Mama muuza vitambaa akaangalia picha za ukutani kwa adabu, maji yakimchuruzika upande wa kichaka.

Baadaye tulikuja wote saluni, karibu na jiko, nikamalizia nywele za mteja wangu bure, akaenda zake. Chiriku alilala kwenye kiti cha kwanza. Nikamwambia mama yake, "Njoo nikukaushe." Akakaa. Nikamfunga taulo, nikaanza kumchana taratibu, naye akaanza kuzungumza akitazama mbele, kama watu wanavyozungumza wakiwa wameshikwa kichwa.

"Nikitoka zamu namsomea. Ukurasa wa pili silali, nazimia. Yeye ndiye anayenifunika shuka. Halafu namsikia anajisomea yule mbuzi, kwa sauti yako. Ile sauti ya puani unayomfanyia mbuzi. Wewe hujaingia nyumbani kwangu, lakini sauti yako naisikia kila jioni." Akalivuta taulo shingoni. "Mwanzo niliichukia."

"Na sasa?"

"Sasa nikiisikia najua mtoto anacheka." Akajifuta pua kwa taulo langu. "Mimi nilirudia darasa la kwanza. Nilikaa nyuma, miguu mirefu, na wadogo zangu wananipita. Nikiona kitabu chenye picha tupu, naona ile miguu."

Nilikuwa nimemdhania mengi mwanamke huyu. Hilo sikulidhania. Nikamwambia mimi pia nasoma polepole mpaka leo, barua ya benki naisoma mara mbili, na nilipochagua vile vyepesi nilijichagulia na mimi. Akageuka kunitazama, nikamrudisha kichwa.

Alipoondoka, mtoto mgongoni, akasema mlangoni, "Ameniuliza akuiteje. Nimemwambia Mama Mdogo. Kama wewe huna neno."

Sina neno.

Jumamosi, 30 Machi

Chiriku kwetu. Nimeitwa mara moja, kwa kelele, kutoka chooni, kwa habari ya karatasi. Imetosha.

Jumatatu, 1 Aprili

Leo nimejua kilichotushinda, na aliyetuambia ni mwenyewe.

Tulikuwa saluni na kitabu kipya cha kondakta wa treni aliyepoteza filimbi. Nilipomaliza, Chiriku akasema, "Soma tena nikishike." Nikamwambia asikishike, akisome. Akakunja uso.

"Si ndiyo kusoma?"

"Ndiyo nini?"

"Kukishika. Unasikia, unakishika, halafu unasema." Akatazama kabati langu la saluni, yale magazeti ya mitindo na vitabu viwili vya hesabu. "Mimi nimeshika viwili. Nyinyi mmeshika vyote. Mimi sitaweza, ni vingi mno."

Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyepewa bahari aihamishe kwa kikombe. Kumbe miezi yote hii alidhani watu wazima tumemeza kila kitabu kilichopo duniani, na kwamba kusoma ni kumbukumbu, naye yuko nyuma kwa maelfu. Na alama zile nyeusi chini ya picha alizionaje? Nilimuuliza. Akasema, "Ni urembo. Za kuwekea kidole."

Sikujua nicheke au nilie. Nikachukua kile kitabu alichochagua mama yake, ambacho mimi sijakifungua. "Hiki sijawahi kukiona," nikamwambia. "Mama yako hajanisimulia. Sijakishika hata neno. Sasa niangalie."

Nikasoma kama ninavyosoma kweli nikiwa peke yangu, sio kwa madoido. Polepole, kidole chini. Kwenye neno "kilichochanganyikiwa" nikakwama, na sikujifanya. Nikalikata vipande, ki-li-cho, nikarudi nyuma, nikalivuka. Chiriku hakutazama picha hata kidogo. Alikuwa anatazama mdomo wangu na kidole changu, mdomo, kidole, mdomo.

"Inakwambia," akasema polepole. "Ile alama inakwambia."

"Inaniambia."

"Hukujua kabla?"

"Sikujua."

Akalichukua lile daftari la silabi ambalo mama yake aliliacha kwetu, akalifungua mwenyewe. Akaweka kidole kwenye ba.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemsimulia Mama Chiriku, kwenye vile viti. Alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akasema, "Maskini mwanangu, maelfu," akacheka tena na macho yamelowa. Mkutubi hakutunyamazisha.

Sasa tunachagua pamoja. Tumeviweka vitabu chini, tukakaa kwenye mkeka kama wauza nyanya. Tukikifungua kitabu, mimi nafunika picha nasoma maneno, yeye anafunika maneno anaangalia picha. Kama kila upande una lake la kusema, kinaenda kwenye rundo. Kama picha inasema kila kitu, maneno ni ya kupita tu, tunakirudisha. Yeye anataka herufi kubwa, na sentensi iishie kwenye ukurasa wake isimvushe mtoto mto. Mimi nataka kitu kinachochekesha, na neno linalorudi rudi ili mtoto akilikuta mara ya tatu alisalimie. Kitabu kimoja tulikikataa wote kwa pamoja: mtoto mzuri aliyewatii wazazi wake mpaka mwisho. Hakuna kilichotokea humo.

Na sharti jipya: kimoja kati ya vitatu kisiwe kimesomwa na yeyote kati yetu. Kile anakifungua Chiriku kwanza.

Jumatano, 10 Aprili

Simu kutoka kwa Mama Chiriku. "Kasoma 'paka'. Kitabu chenyewe cha sungura. Paka yuko pembeni, hata hakuchorwa." Tukakaa kwenye simu muda, tukilirudia hilo hilo.

Jumatatu, 15 Aprili

Kasoma "bata", "bati" na "beti", kisha kagoma, kalala. Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilikuwa nafagia mlangoni, Chiriku kasimama nje, shingo kaikunja nyuma, anatazama kibao cha saluni yangu. Kimekaa pale miaka. Nilikitoa kwa mchoraji mwenyewe, nikakipandisha mwenyewe.

"Tu-na-su-ka," akasema. Nikaacha ufagio. "Tunasuka na... ku-o-sha. Kuosha." Akapumua. "Nye-le."

"Nywele," nikamwambia.

"Hapana. Nyele."

"Chiriku, ni nywele. Saluni inasuka nini?"

"Najua nywele," akasema. "Lakini hapa ni nyele."

Nikatoka, nikasimama pembeni yake kwenye manyunyu, nikasoma. N, y, e, l, e. Tunasuka na kuosha nyele. Miaka yote hiyo. Wateja wote hao, wenye shahada zao, mimi mwenyewe kila asubuhi nikifungua kufuli, tumeisoma nywele kwa sababu tuliijua. Chiriku alisoma kilichoandikwa.

Nilimwinua juu nikazunguka naye, akaniambia nimshushe, bado kuna mstari wa chini.

Mama yake nilimpigia, akaja jioni kuhakikisha kwa macho yake. Alisimama chini ya kibao na mwavuli muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Usikirekebishe," akasema.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba Chiriku anaomba mteja yeyote atakayeuliza aambiwe ni mtindo mpya.

Jumapili, 28 Aprili

Siku nzima hakukunyesha. Nimeanika magodoro.

Jumanne, 14 Mei

Mwalimu aliwasomesha watoto mmoja mmoja leo, kitabu alichokitoa kwenye begi lake, hakuna mtoto aliyewahi kukiona. Wazazi tulisimama varandani. Mama Chiriku alikuwa ametoka zamu ya usiku, mimi nilikuwa nimefunga saluni, Baba Chiriku alikuja na unga kwenye nyusi. Dirisha lilikuwa wazi.

Chiriku alianza chini chini. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikwenda kwa kuburuta mguu. Wa tatu akakwama. Mama yake alikuwa amenishika kiwiko, na midomo yake ilikuwa ikijaribu kulitamka neno, na yangu pia, na sote wawili hatukujua ni neno gani.

Mwalimu akataka kumsaidia. "Usiniambie," Chiriku akasema. "Litaniambia lenyewe."

Akalikata. Akarudi nyuma. Akalikata tena. Likamwambia. Lilikuwa "mshumaa". Akamaliza ukurasa.

Mwalimu akatoka varandani akasema harudii. Akaongeza kwamba kuongea bado kunahitaji kufanyiwa kazi. Baba Chiriku akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwachia unga mpaka kwenye kiwiko.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Barabara imekauka, watu wanatembea katikati yake kama waliorudishiwa.

Maktaba tulipofika, mimi na Mama Chiriku tulielekea kwenye mkeka wetu kama kawaida. Chiriku akatuzuia. "Nyinyi kaeni," akasema, akatuonyesha viti. "Leo nachagua mimi."

Tukakaa. Hatukuwa na kazi. Kwa mbali tulimwona kati ya makabati, anavuta kitabu, anafungua, anafunika picha kwa kiganja, midomo inatembea, anakirudisha. Mama Chiriku alianza kuniambia kwamba wodi jana ilizaa mapacha mara mbili, akafika katikati, kichwa chake kikaniangukia begani. Nywele zilikuwa hazijabanwa. Nilizisuka mimi mwenyewe juzi, mistari mipana, ya mtu asiye na haraka. Nikakaa wima asianguke.

Chiriku alirudi na vitabu vitatu, akavipanga mezani.

"Hiki cha Baba. Kina mashine." Akakisukuma pembeni. "Hiki changu, kirefu, tutasoma wote, wewe ukikwama nitakungoja." Kisha akachukua cha tatu, akamtazama mama yake aliyelala. Kilikuwa cha picha tupu, hakina neno hata moja kutoka jalada hadi jalada. "Hiki cha Mama. Anachoka."

Akaenda kwa mkutubi mwenyewe, na kadi, akaonyesha mikono kabla hajaulizwa. Aliporudi akakaa sakafuni kwenye jua la dirishani, akafungua kile kirefu, akaanza kusoma, na safari hii kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtu aliyelala.

Tulimwacha mama yake alale mpaka walipokuja kufunga madirisha.